Ada ya Mthamini Isifichwe

Novemba 2007 Andrew Cuomo, wakati huo akiwa Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, aliifungulia kesi kampuni ya First American pamoja na kampuni yake tanzu, eAppraiseIT. Kazi ya eAppraiseIT ilikuwa kusimamia uthamini wa nyumba. Benki inaleta ombi, kampuni inamtafuta mthamini mwenye leseni, inapokea ripoti yake, inaikagua, kisha inaifikisha benki. Mteja wake mkubwa alikuwa Washington Mutual, benki iliyokuwa ikigawa mikopo ya nyumba kwa kasi kubwa. Mwaka 2006 benki hiyo ilifunga idara yake ya ndani ya uthamini na kuikabidhi kazi hiyo kwa watu wa nje. Kwa mujibu wa hati ya madai, kuanzia Aprili 2006 eAppraiseIT iliiletea benki hiyo ripoti zaidi ya 250,000 katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi.

Cuomo alidai kwamba watu wa mikopo pale benki walianza kulalamika kuwa thamani zinazoletwa ni ndogo na mikopo inakwama. Kampuni ikaona biashara yote ile iko hatarini, ikaiachia benki iseme ni wathamini gani wapewe kazi. Ikaundwa orodha maalumu ya wathamini walioaminiwa na benki. Zaidi ya hapo, waliokuwa watumishi wa benki hiyo hiyo waliajiriwa na kampuni na kupewa mamlaka ya kuibadilisha thamani aliyoiandika mthamini. Tarehe 25 Septemba 2008 Washington Mutual ilianguka ikiwa na rasilimali za takriban dola bilioni 307, na hadi leo hakuna benki ya Marekani iliyofilisika ikiwa kubwa kuliko hiyo. Kesi yenyewe ilivutana kwa miaka. First American ilidai kwamba jimbo halina mamlaka katika jambo linalosimamiwa na sheria za shirikisho, na Mahakama ya Rufaa ya New York ikaikataa hoja hiyo mwaka 2011. Mwaka uliofuata pande mbili ziliridhiana kwa malipo ya dola milioni 7.8.

Kesi hii ndiyo mahali pazuri pa kuanzia mtu anapotaka kuelewa kanuni za maadili za kampuni zinazosimamia uthamini, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho waandishi wa kanuni wengi hukikwepa. Kumweka mtu wa kati baina ya mkopeshaji na mthamini hakumfanyi mthamini awe huru. Uhuru wake unategemea nani anampa kazi ya kesho na nani anapanga atalipwa kiasi gani. Kanuni za Marekani zimejibu swali la kwanza kwa sehemu. La pili limebaki wazi, na ninavyoona mimi, hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mfumo mzima.

Tuangalie kwanza shinikizo linatoka wapi. Ofisa mikopo au dalali wa mikopo hupata kamisheni mkopo unapopita. Mkopo hupita pale thamani ya nyumba inapofikia bei ambayo mnunuzi na muuzaji wamekubaliana. Mthamini analipwa ada yake hata kama thamani haikufika, kwa hiyo kwa kazi moja moja hana sababu ya kudanganya. Ila anaishi kwa kazi nyingi, na anayezigawa anakumbuka. Tume iliyoundwa kuchunguza msukosuko wa fedha wa Marekani, iliyotoa ripoti yake mwaka 2011, ilieleza kwamba kati ya 2000 na 2007 wathamini wapatao 11,000 walitia saini waraka wa malalamiko uliopelekwa kwa viongozi wa Washington. Walisema wakopeshaji wanawashurutisha waandike bei za juu, na wanaokataa wanawekwa kwenye orodha ya kunyimwa kazi. Tume hiyo ilitaja pia utafiti wa mwaka 2003 ambamo asilimia 55 ya wathamini walisema wamewahi kusukumwa waongeze thamani. Kufikia 2006 waliosema hivyo walikuwa asilimia 90.

Kwa maneno mengine, taarifa zilikuwapo. Watu wa fani walipiga kelele miaka saba kabla nyumba hazijaanza kunadiwa mitaa mizima.

Machi 2008 Cuomo alifikia makubaliano na Fannie Mae na Freddie Mac, mashirika mawili yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji. Yakazaa kanuni ya maadili ya uthamini wa nyumba iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2009. Dalali wa mikopo hakuruhusiwa tena kumchagua mthamini. Watu wa benki wanaolipwa kamisheni hawakuruhusiwa kumchagua wala kuzungumza naye kwa lengo la kumshawishi. Kanuni haikumlazimisha mtu yeyote kutumia kampuni za kati. Lakini benki yenye matawi katika majimbo 30 ilijiuliza itawezaje kujenga ukuta wa ndani baina ya idara zake na kuuthibitisha kwa wakaguzi, ikaona njia rahisi ni kutoa kazi kwa kampuni ya nje. Biashara ya kusimamia uthamini ikafura kwa muda mfupi. Kesi iliyoituhumu kampuni ya kati ikawa imezaa utaratibu uliozipa kampuni za kati sehemu kubwa ya soko la uthamini wa mikopo ya nyumba, na wakati huo hapakuwa na sheria ya shirikisho iliyozitaka ziwe na leseni. Mthamini mwenyewe alikuwa chini ya leseni ya jimbo kutokana na sheria ya 1989, iliyotungwa baada ya kuanguka kwa vyama vya akiba na mikopo. Mwenye kumpangia kazi hakuwa na bodi ya kumwita ajieleze. Majimbo machache yalianza kuziba pengo hilo mwaka 2009 kwa sheria zao wenyewe.

Bunge la Marekani liliingia kwa sheria ya mageuzi ya fedha iliyosainiwa tarehe 21 Julai 2010, ile inayoitwa Dodd-Frank. Sehemu moja iliharamisha kumshurutisha, kumhonga, kumtisha au kumshawishi mthamini ili aandike thamani fulani, ikaweka adhabu ya hadi dola 10,000 kwa siku kwa kosa la kwanza na 20,000 kwa siku kwa makosa yanayofuata. Sehemu nyingine ilizigusa kampuni zenyewe. Mashirika sita ya usimamizi ya shirikisho yakakamilisha kanuni za kuitekeleza mwaka 2015. Kampuni yenye wathamini zaidi ya 15 katika jimbo moja, au 25 na zaidi katika majimbo mawili au zaidi ndani ya mwaka, lazima isajiliwe na jimbo na ikubali kukaguliwa. Itumie wathamini wenye leseni au vyeti tu. Ihakikishe kwamba anayepewa kazi anaimudu nyumba ya aina hiyo katika eneo hilo, na kwamba anafuata viwango vya pamoja vya uthamini vya nchi hiyo, USPAP. Haiwezi kumilikiwa, hata kwa sehemu, na mtu aliyenyimwa au kunyang'anywa leseni ya uthamini kwa sababu ya msingi. Kila mwenye zaidi ya asilimia 10 ya umiliki lazima awe na mwenendo mwema na akubali kuchunguzwa historia yake. Majimbo yalipewa muda kujenga mfumo huo, na jimbo lisilo nao huziweka kampuni zake katika hatari ya kuzuiwa kushughulikia mikopo inayohusika na usimamizi wa shirikisho.

Masharti ya umiliki na usajili sina ugomvi nayo. Ni ya lazima na yanaeleweka. Nataka tukae zaidi kwenye mambo ambayo mthamini anakutana nayo siku ya kazi.

Tuchukue mfano. Mthamini amekwenda kwenye nyumba, amepima kuta, amekagua paa na msingi, amepiga picha, amerudi ofisini kutafuta mauzo ya karibuni ya nyumba zinazofanana. Fomu ya kawaida ya nyumba ya familia moja inamtaka aonyeshe angalau mauzo matatu yaliyokamilika. Anaandika dola 385,000. Bei ya mkataba ni 410,000. Saa chache baadaye anapata ujumbe kutoka kwa kampuni iliyompa kazi. Ujumbe huo unaweza kuja kwa namna tatu.

Wa kwanza unasema: ukubwa wa nyumba ya pili kwenye jedwali lako haulingani na rekodi za kaunti, tafadhali angalia tena. Huo ni halali. Sheria inaruhusu waziwazi kumwomba mthamini arekebishe kosa, aeleze zaidi hoja yake, au azingatie taarifa za ziada za mali. Ripoti yenye kosa ni hasara kwa kila mtu, na kampuni isiyouliza maswali haifanyi kazi yake.

Wa tatu unasema: mteja anahitaji 410,000 ili mkopo upite, je, unaweza kufika? Huo ni kosa, na hauhitaji mjadala.

Wa pili ndio mgumu. Unasema: tumeona mauzo haya manne katika mtaa huo, tunaomba uyazingatie. Kwa maneno yake ni halali kabisa. Ukiyatazama mauzo yenyewe, yote manne ni ya juu ya 410,000, moja liko upande wa pili wa barabara kuu kwenye eneo la shule nyingine, na yale ya chini yaliyofanyika mwezi huo huo hayakutajwa. Hakuna neno la kulazimisha hata moja, ila namba inayotakiwa imeandikwa kwa wino usioonekana. Mthamini mzoefu anauelewa ujumbe huo kabla hajamaliza kuusoma. Kanuni nzuri ya mwenendo haiwezi kuishia kwenye orodha ya maneno yaliyokatazwa, kwa sababu atakayetaka kushinikiza atajifunza kuyaepuka. Inabidi iseme kwamba atakayemletea mthamini mauzo ya ziada aeleze ameyapata vipi, ameyachuja kwa kigezo gani, na kwa nini mengine yaliyo karibu yameachwa. Mwaka 2024 wasimamizi wa Marekani walitoa mwongozo kuhusu maombi ya kufikiriwa upya kwa thamani, nao ulikuwa na faida yake: ulizieleza taasisi za fedha jinsi zinavyoweza kumpa mkopaji njia rasmi ya kuomba, badala ya mambo kupita kwa simu za pembeni. Ni hatua. Lakini njia rasmi inaweza kutumika vibaya vilevile kama hakuna anayehesabu ni maombi mangapi yanaomba thamani ishushwe. Mkopeshaji anayeomba ipandishwe tu, mwaka mzima, amekwishajieleza.

Sasa tuje kwenye kugawa kazi. Kanuni za shirikisho zinasema mthamini huhesabiwa kuwa yumo kwenye orodha ya kampuni hadi kampuni itakapompelekea taarifa ya maandishi ya kumwondoa, ikiwa na maelezo ya sababu, au yeye mwenyewe atakapoomba kutoka. Sheria za majimbo mengi zimekwenda mbali zaidi na kumpa nafasi ya kujibu. Hilo ni jema, na wathamini walilipigania. Tatizo ni kwamba hakuna haja ya kumwondoa mtu ili kumwadhibu. Jina linabaki, kazi haziji. Jumatatu hakuna ombi, Jumanne hakuna, mwezi unakwisha. Hakuna barua ya kukatia rufaa kwa sababu hakuna uamuzi ulioandikwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika mfumo huu kisu ni programu ya kompyuta inayoamua ombi jipya litokee kwenye simu ya nani.

Dawa yake ipo, na haihitaji sheria mpya katika majimbo mengi, kwani bodi tayari zina haki ya kukagua kumbukumbu. Mkaguzi achukue orodha ya maombi yote ya kampuni kwa miezi 12, atafute wathamini ambao ripoti zao zilikuwa chini ya bei ya mkataba, kisha aangalie kila mmoja wao alipata maombi mangapi kabla na baada. Kampuni isiyo na hatia itaonyesha mstari ulionyooka. Kampuni yenye tabia ile ya 2006 itaonyesha mteremko, na haitakuwa na pa kujificha. Kanuni ya mwenendo yenye maana ingezilazimisha kampuni zitunze kumbukumbu hizo katika namna inayokaguliwa kirahisi, badala ya kuachia bodi zisubiri malalamiko ya mtu anayeogopa kulalamika.

Takwimu hizo hizo zinaweza kutumika kwa jambo lingine zito. Mwaka 2021 watafiti wa Freddie Mac walionyesha kwamba katika maeneo yenye Weusi wengi asilimia 12.5 ya ripoti za uthamini wa ununuzi zilikuwa chini ya bei ya mkataba, wakati katika maeneo yenye Wazungu wengi ni asilimia 7.4. Kampuni inayopokea maelfu ya ripoti kila mwezi ndiyo yenye uwezo wa kwanza kuona mwelekeo wa namna hiyo kwa mthamini mmoja mmoja. Kukaa na taarifa kama hizo bila kuzichambua nako kuhesabiwe kuwa ukiukaji wa maadili.

Nije kwenye ada, kwa kuwa hapo ndipo ninapotaka kupigia kelele.

Sheria ya 2010 inataka mthamini wa kujitegemea alipwe ada ya kawaida na ya haki kwa soko la eneo lake. Utekelezaji wake umewapa wakopeshaji na kampuni njia mbili za kuhesabiwa kuwa wametii. Ya kwanza ni kuangalia ada zilizolipwa karibuni katika eneo hilo na kuzirekebisha kwa kuzingatia aina ya nyumba, ukubwa wa kazi, muda, sifa na uzoefu wa mthamini. Ya pili ni kutumia taarifa huru, kama orodha za ada za idara za serikali au tafiti za vyuo, na hapo ada zilizolipwa na kampuni za kati hazihesabiwi. Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Ukifuata njia ya pili unapata bei ya soko lisilo na mtu wa kati. Ukifuata ya kwanza, kampuni zinaweza kutazama ada ambazo zenyewe ziliziteremsha, zikaziita za kawaida. Ada ndogo ya mwaka jana inakuwa ushahidi kwamba ada ndogo ya mwaka huu ni ya haki.

Louisiana ilijaribu kulishika jambo hili kwa nguvu. Bodi ya wathamini ya jimbo hilo ilitumia utafiti wa ada uliofanywa na chuo kikuu cha huko, na kampuni zilizolipa chini ya viwango hivyo zikajikuta zinachunguzwa. Mei 2017 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaishtaki bodi hiyo ikisema imezuia ushindani wa bei. Haikuwa hoja ya kubeza. Bodi ile ilikuwa na watu wa fani yenyewe ndani yake, na Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwishaamua mwaka 2015, katika shauri la bodi ya madaktari wa meno ya North Carolina, kwamba bodi inayotawaliwa na wanaofanya biashara hiyo haina kinga dhidi ya sheria za ushindani kama serikali ya jimbo haiisimamii kwa dhati. Mwaka 2022 shauri la Louisiana liliisha kwa amri inayoizuia bodi kupanga ada.

Wathamini wengi waliuchukulia mwisho huo kama kushindwa. Mimi nauona kama alama ya njia. Kupanga ada ni jambo moja, kuifichua ni jambo lingine kabisa. Hakuna sheria ya ushindani inayokataza mnunuzi kuambiwa amenunua nini. Mkopaji huona kwenye karatasi zake mstari mmoja wa ada ya uthamini. Tuseme ni dola 600. Anaamini amemlipa mtu aliyekuja kupima nyumba yake. Huyo mtu pengine amepata 375, na 225 zimebaki kwa kampuni kwa kazi ya kupokea ombi, kulipeleka na kuikagua ripoti. Huenda kazi hiyo ina thamani ya 225. Huenda haina. Hakuna ajuaye, kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu mafungu hayo mawili yatenganishwe kwenye taarifa ya mkopaji lakini haimlazimishi mtu kuyatenganisha.

Yatenganishwe kwa lazima. Mkopaji aone ada ya mthamini mstari wake na ada ya usimamizi mstari wake. Mkopeshaji atakapoona kwamba wateja wake wanauliza kwa nini karibu asilimia 40 ya fedha inakwenda kwa asiyefika kwenye nyumba, atatafuta kampuni inayojieleza vizuri. Huo ndio ushindani ambao Tume ya Biashara ilisema inautetea. Ada inayofichwa pia ndiyo inayozaa tabia nyingine mbaya: ombi moja kurushwa kwa wathamini 20 kwa mpigo ili apewe wa bei ya chini na anayeahidi siku chache zaidi. Mthamini aliyeshinda kazi kwa njia hiyo amekwishajipunguzia saa za kuitafiti nyumba kabla hajawasha gari. Hakuna aliyemwambia aandike namba fulani, lakini ripoti yake imekwishadhoofika.

Malipo kwa wakati ni suala dogo likilinganishwa na hilo, na majimbo mengi yamelimaliza kwa kuweka ukomo wa siku 30, 45 au 60 baada ya ripoti kuwasilishwa. Vilevile marufuku ya kampuni kuibadilisha ripoti iliyokwisha kusainiwa. Ni kanuni za wazi na hazina mpinzani wa maana.

Afrika Mashariki hatuna kampuni za namna hii kwa sura yake ya Kimarekani. Tunacho kitu chenye nguvu ileile: orodha ya wathamini wa benki. Tanzania ina Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, yenye Bodi ya Usajili wa Wathamini na Mthamini Mkuu wa Serikali. Kenya ina Sheria ya Wathamini, Sura ya 532, na bodi yake. Sheria hizo zinamshika mthamini kwa elimu yake, usajili wake na nidhamu yake. Anayeandika orodha ya benki, anayeamua nani aingie na nani asahauliwe, anabaki nje ya mkono wa sheria hizo. Mkopaji anakwenda benki na hati yake, anapewa majina mawili matatu, analipa kutoka mfukoni kabla hajajua kama mkopo utatoka, na ripoti inaandikwa kwa jina la benki.

Na kwetu shinikizo linakuja kwa pande mbili. Siku ya kukopa, namba inatakiwa iwe ya juu. Siku mkopaji anaposhindwa kulipa na nyumba inapokwenda kwenye mnada, anayeuza ananufaika na namba ya chini. Sheria za nchi zote mbili zimejaribu kumlinda mdaiwa. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, kifungu cha 97, inamtaka mkopeshaji afanye uthamini wa mauzo ya lazima kabla ya kuuza, na bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999, kifungu cha 133, ina kipimo hicho hicho cha asilimia 25. Kinga hiyo yote inasimama juu ya namba ya mthamini. Kama mthamini huyo ametoka kwenye orodha ya benki inayouza, analipwa na benki inayouza, na anategemea benki inayouza kwa kazi za mwakani, basi kipimo cha kumlinda mdaiwa kimewekwa mikononi mwa anayemdai.

Sipendekezi tulete kampuni za kati ili kutatua hilo. Marekani imetuonyesha kwamba mtu wa kati asiyesimamiwa huuhamisha mgogoro tu. Ninachopendekeza ni bodi zetu na benki kuu zetu zikae pamoja na kuandika kanuni fupi kwa wenye orodha. Vigezo vya kuingia viandikwe na vitangazwe. Anayeondolewa apewe sababu kwa barua na nakala iende kwa bodi. Watu wa mauzo ya mikopo wasimguse mthamini, na kila mawasiliano kuhusu thamani yawe ya maandishi. Uthamini wa mnada usifanywe na aliyefanya wa mkopo, na asichaguliwe na idara inayodai. Ada iandikwe juu ya ripoti yenyewe, ukurasa wa kwanza, pamoja na jina la aliyeilipa.

Nawe unayekopa usiache ripoti ibaki kwenye jalada la benki. Ukiwa Marekani ni haki yako kisheria kupewa nakala ya uthamini wa nyumba yako, bila hata kuiomba, angalau siku 3 za kazi kabla ya kukamilisha mkopo. Ukiipata, uliza kwa maandishi mthamini amelipwa kiasi gani katika fedha ulizotoa. Ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, iombe nakala hiyo kwa barua na ubaki na stakabadhi ya malipo, kwa sababu wewe ndiye uliyeilipia.